Prosesa ya Gitaa: Yapi Tumwachie Mhandisi, Yapi Yawe Yetu?

Hotuba kwa wapiga magitaa wa bendi na kwaya, pamoja na mafundi mitambo, jijini Dar es Salaam. Imewekwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mliotutangulia jukwaani, shikamooni. Wapiga solo, wapiga rithim, wapiga besi, walimu wa kwaya, mafundi mitambo, habari za asubuhi.

Nianze na swali. Umeingia dukani, juu ya meza kuna prosesa mbili, yaani vifaa vya kielektroniki vinavyoiga ampu ya gitaa (kile kikuza sauti), spika yake na vionjo kama mwangwi. Moja ina nobu sita tu, vile vitufe vya kuzungusha. Nyingine ina kioo kikubwa chenye kurasa zisizokwisha. Unachukua ipi? Najua humu ukumbini tuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema: mimi nataka kuchomeka na kupiga, menyu za nini? Kambi ya pili inasema: nimetoa fedha zangu, nataka kila kitu kiwe mkononi mwangu. Kila kambi ina hoja, na kila kambi inapitwa na jambo lile lile.

Ndugu zangu, hakuna prosesa isiyo na mambo mengi ndani. Hakuna. Hata hiyo ya nobu sita imebeba maamuzi mamia: ni spika ya inchi ngapi, maikrofoni imesogezwa wapi mbele yake, umeme wa ampu unalegea kiasi gani ukichapa nyuzi kwa nguvu. Kwenye mashine rahisi maamuzi hayo yalishafanywa na mhandisi kiwandani. Kwenye mashine ya kina, sehemu yake umeachiwa wewe. Basi tusiulizane kama urahisi ni bora kuliko kina. Tuulizane: yapi nimwachie mhandisi, na yapi ni yangu mimi?

Historia ya mashine hizi inaanza na mhandisi kubeba kila kitu. Mwaka 1982 Tom Scholz, mpiga gitaa wa kundi la Boston la Marekani, mtu aliyesomea uhandisi katika chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alitoa kijisanduku cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Rockman. Hakikuwa cha dijitali, lakini ndicho kilichofungua njia. Unachomeka gitaa, unavaa hedifoni, unapata sauti iliyokamilika kama ya studio. Nobu za besi na trebo? Hazikuwemo. Kulikuwa na swichi za kusogeza tu: safi, nusu chafu, chafu kabisa, na mwangwi. Watu walikipenda sana. Lakini aliyekinunua alinunua masikio ya Scholz. Ukipiga roki ya Marekani ya miaka ile, masikio hayo yanakufaa. Ukipiga sebene, umebanwa, na hakuna mlango wa kutokea.

Kampuni ya Line 6 walipotoa prosesa ya POD mwaka 1998 walileta jibu la akili. Kifaa chekundu chenye umbo la haragwe, usoni nobu kama za ampu ya kawaida: gein, besi, midi, trebo, sauti, rivabu, na nobu moja ya kuchagulia ampu. Mpiga gitaa aliyewahi kushika ampu yoyote hakuhitaji kusoma kitabu. Mambo ya ndani zaidi walikuhifadhia nyuma, unayafikia ukiunganisha na kompyuta. Kampuni ya Boss walifuata njia hiyo hiyo na ampu yao ya Katana mwaka 2016: usoni kuna aina tano za sauti, lakini ukichomeka kebo ya USB na kufungua programu yake unakuta chumba kizima nyuma ya ukuta. Mimi naona huu ndio mpango wa heshima kwa mpigaji. Mlango upo, halafu hulazimishwi kuupita kila siku.

Sasa tuingie chumbani. Kuna nini huko ndani, na je, kinatuhusu?

Kampuni ya Fractal Audio walipotoa prosesa ya Axe-Fx mwaka 2006 walikwenda mbali kuliko wote: ampu iliigwa hatua kwa hatua, mpaka unaweza kufungua na kubadili vitu ambavyo kwenye ampu halisi vingehitaji fundi mwenye chuma cha kuchomelea. Prosesa ya Helix ya Line 6, iliyotoka 2015, nayo ina nobu zilizoandikwa Sag, Bias, Hum na Ripple kwenye ampu zake. Vijana wengi wanafika hapo, wanaona maneno makubwa, wanazungusha, wanapoteza usiku mzima. Nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo muda wetu mwingi unapotea bure.

Sag ni ule mlegeo wa umeme ndani ya ampu ya valvu (zile taa za kioo za zamani) inapolemewa. Unachapa kodi, umeme unashuka kidogo, sauti inabonyea halafu inainuka. Bias ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye valvu ikiwa imetulia. Hum na Ripple ni mvumo wa umeme wa ukutani unaopenya kwenye sauti. Vyote ni vya kweli, na vyote vinasikika vizuri pale ampu inaposukumwa mpaka kuchafuka. Na sisi je? Solo ya dansi, rithim ya rumba, gitaa la kwaya: sauti safi! Ampu haijasukumwa. Umeme haujalemewa. Ukizungusha Sag kutoka tatu kwenda saba kwenye sauti safi kabisa, aliyekaa mbele ya jukwaa hatajua umefanya nini. Na ile ampu ya JC-120 ya Roland, iliyotoka 1975 na inayopendwa na wapigaji wa sauti safi dunia nzima, yenyewe haina hata valvu moja.

Basi kina kinachomfaa mpigaji wa sauti safi kiko wapi? Kiko mahali pengine kabisa, na hapo nataka mkae.

Cha kwanza ni mlango wa kuingilia. Pikapu za kawaida zisizo na betri, zile sumaku za gitaa zinazonasa mlio wa nyuzi, zinataka kukutana na ukinzani mkubwa, kama megaohm 1. Kwenye Helix kuna mpangilio wa ukinzani huo, na ukiuacha kwenye Auto unafuata kifaa cha kwanza kwenye mstari wako. Ukianza na pedali ya mfano wa zamani yenye ukinzani mdogo, trebo inakufa kabla hata sauti haijafika kwenye ampu. Utaongeza trebo kwenye ampu, utaongeza tena kwenye mikisa, utapata mikwaruzo badala ya mng'ao. Ugonjwa uko mlangoni, dawa unaipaka sebuleni. Weka megaohm 1, endelea na safari.

Cha pili ni spika na maikrofoni, na hiki ndicho kikubwa kuliko vyote. Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba "prosesa hii inalia kama nyuki" ni malalamiko ya spika, wala si ya ampu. Spika halisi ya gitaa ya inchi 12 huanza kuporomoka haraka baada ya kama kilohezi 5. Spika kubwa za ukumbini zinafika juu zaidi ya hapo kwa mbali, kwa hiyo kila uchafu wa juu unatoka wazi. Fanya kazi kwa mpangilio huu. Weka nobu zote za ampu katikati. Nenda kwenye ukurasa wa spika. Sogeza maikrofoni kutoka katikati ya koni kuelekea ukingoni polepole, usikie ukali unavyopungua. Simama pale noti za juu zinapobaki na meno lakini haziumi. Halafu High Cut, yaani kukata sauti za juu, anza kilohezi 8, shuka kuelekea 6. Mpiga sebene abaki karibu na 8, mpiga rithim anaweza kushuka. Halafu Low Cut, kukata za chini, kati ya hezi 80 na 100. Waya wa chini kabisa wa gitaa, E, unalia kwenye hezi 82, kwa hiyo unapunguza kidogo tu unene wa chini na kumwachia besi na ngoma ya mguu nafasi yao. Bendi yenye solo, second solo na rithim, magitaa matatu kwa pamoja, bila kukata hapo ni matope. Ukishamaliza spika ndipo urudi kwenye trebo ya ampu. Mara nyingi utakuta haihitaji kuguswa.

Cha tatu ni kompresa, kile kinachopunguza sauti zinazoruka juu ili zikaribiane na zile ndogo. Kwa solo safi weka uwiano wa 3 kwa 1 au 4 kwa 1, shambulio, yaani muda wa kompresa kuanza kubana, liwe milisekunde 20 hadi 30 ili mdonoo wa kidole au piki upite kwanza, na punguzo lisizidi desibeli 6 unapopiga kwa nguvu zako zote. Wapigaji wengi wanaweka shambulio fupi kabisa, sauti inalainika, halafu wanashangaa sebene limepoa.

Mnaona? Ukinzani, spika, kompresa. Kati ya mamia ya vitu vilivyomo, hivyo vitatu vinabeba sehemu kubwa ya sauti yetu, na mashine nyingi rahisi zinakufungulia viwili kati yake. Ukinunua mashine nyepesi, hakikisha ukurasa wa spika unafunguka. Kama haufunguki, hata kwa kompyuta, iache hapo hapo dukani.

Kuna njia ya tatu kati ya nobu chache na kurasa nyingi. Christoph Kemper, Mjerumani aliyefahamika kwanza kwa sintisaiza za Access Virus, mwaka 2011 alionyesha mashine inayokamata sauti ya ampu halisi. Unaweka maikrofoni mbele ya ampu yako, mashine inapeleka humo milio ya ajabu, inasikiliza kinachorudi, inajenga nakala. Quad Cortex ya Neural DSP na ToneX ya IK Multimedia wamekuja baadaye na kazi ya aina hiyo kwa mitandao ya nyuroni, yaani programu za akili bandia. Urahisi wake ni mkubwa: mwenzako mwenye ampu nzuri na studio nzuri amefanya kazi yote, wewe unapakua na kupiga.

Lakini elewa umepata nini. Kwa kawaida umepata ampu ile ikiwa kwenye nobu zile zile za siku ile. Picha ya mtu haikupi mtu akigeuka. Ukizungusha besi kwenye nakala ya namna hiyo, mara nyingi unazungusha besi ya mashine, wala si ile ya ampu, na nobu za ampu halisi huvutana: ukiongeza trebo, midi inabadilika. Kwa hiyo pakua nakala ambayo tayari iko karibu sana na sauti unayoitaka, uirekebishe kidogo. Ukijikuta umezungusha besi mpaka mwisho, tafuta nakala nyingine.

Na majina yasiwachanganye. Kwa sababu za alama za biashara, viwanda vingi havitumii majina halisi ya ampu. Kwenye Helix, ukitafuta JC-120 tafuta Jazz Rivet 120. Fender Twin Reverb ni US Double. Vox AC30 ni Essex A30. Jambo dogo, lakini kuna wapigaji wanaohangaika na ampu za roki kwa miezi kwa sababu hawajui ampu yao imelala chini ya jina jingine.

Sasa tupande jukwaani. Kwa nini sauti uliyoitengeneza nyumbani ikawa tamu, ukifika ukumbini inakuwa chungu?

Jibu lilikwishapatikana zamani. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara ya Bell ya Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vya masikio ya watu. Walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio halisikii vizuri besi na ncha za juu. Sauti ikipanda, besi na trebo zinafufuka. Kijana anatengeneza sauti saa tano usiku na hedifoni, kwa sauti ya chini asiamshe watu. Anaona inapwaya, anaongeza besi, anaongeza trebo, anapunguza midi. Jumapili kanisani fundi anapandisha mikisa, na vile vyote alivyoviongeza vinafufuka pamoja. Gitaa linanguruma chini, linachoma juu, na katikati, pale gitaa linapoishi, hakuna kitu. Je, hapo mashine ina kosa? Haina. Nobu nyingi zilitumika kwa sauti isiyo sahihi.

Kwa hiyo tengeneza kwa sauti kubwa, karibu na ile ya ukumbini. Omba fundi mitambo nusu saa kabla watu hawajaja, tumia spika zile zile zitakazotumika. Kama huwezi, basi nyumbani acha midi mahali pake hata kama inakukera, na tumia kile kisawazishi cha jumla cha mashine, kinachobadili besi, midi na trebo za sauti zako zote kwa mara moja, kurekebisha ukumbi. Usiharibu sauti zako zote kwa ajili ya ukumbi mmoja!

Mafundi mitambo, hili ni lenu pia. Muulizeni mpiga gitaa mambo haya kabla hajachomeka. Je, unatoa kiwango cha maikrofoni au cha laini? Akileta laini kwenye chaneli ya maikrofoni, chaneli inapasuka. Je, umeme wa volti 48 wa maikrofoni za kondensa umezimwa kwenye chaneli yake? Mashine nyingine huvumilia, nyingine hazivumilii, zima. Je, anaingia kwenye mikisa au kwenye ampu ya gitaa? Akiingia kwenye ampu ya gitaa yenye spika yake, lazima azime spika ya bandia ndani ya prosesa, la sivyo sauti inapita kwenye spika mbili na inatoka kama imefunikwa blanketi. Hili ndilo kosa ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote, na linatibiwa kwa kuzima kisanduku kimoja tu. Mwisho: mfumo wenu ni wa stirio au wa mono? Korasi ya JC-120, kile kionjo cha kutanua sauti, inatengenezwa na spika mbili, moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa ile inayotikisika, na zinachanganyika hewani. Ukiziunganisha kwenye waya mmoja, ule upana unakwenda. Kama kanisa lenu lina mono, mwambieni mapema asikilize sauti zake kwa mono.

Halafu kuna kubadili sauti katikati ya wimbo. Hapa kina kinalipa, na kinalipa vizuri. Wimbo wa dansi una sehemu ya kuimba, taratibu, kisha sebene linapasuka. Sauti mbili. Wengi wanatengeneza preseti mbili, yaani mipangilio miwili iliyohifadhiwa, na kukanyaga kutoka moja kwenda nyingine. Mashine inapobadilisha preseti inalazimika kupakia kila kitu upya, na mashine nyingi zinanyamaza kwa kitambo kidogo. Kitambo hicho kinameza noti ya kwanza ya sebene, ile ile ambayo watu wamesimama kuisubiri!

Dawa ipo. Helix inaita snapshot. Axe-Fx III na Quad Cortex zinaita scene. Na zote tatu zina nane kwa kila preseti. Unaweka vyote ndani ya preseti moja, kisha unaamua kipi kiwake na kipi kizime. Ya kwanza kwa ajili ya kuimba: korasi imewaka, rivabu ya kutosha, kompresa nyepesi. Ya pili kwa ajili ya sebene: rivabu imeshuka nusu, korasi imezimwa au imepungua, kompresa imewaka, na sauti imepanda desibeli 3. Tatu zinatosha mtu apenye juu ya bendi. Sita fundi atakushusha kwa hasira, na atakuwa na haki. Dilei iwe na tempo ya wimbo. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika. Kwa mapigo 120, robo noti ni milisekunde 500, nusu yake 250. Mpe mguu swichi ya kugonga tempo, maana mpiga ngoma wetu si saa ya ukutani, anapanda na joto la watu.

Kazi hiyo ya ndani inafanyika nyumbani mara moja. Jukwaani inabaki swichi mbili. Kina kinageuka kuwa urahisi, lakini ni kwa sababu mtu alikaa nacho kabla.

Na tuseme neno kuhusu vioo vya kugusa. Quad Cortex ina kioo cha inchi 7 na swichi za mguu ambazo pia zinazungushwa kwa mkono kama nobu. Helix ina swichi zinazojua zimeguswa na kidole, zinakufungulia kile ulichokigusa. Yote ni mawazo mazuri. Lakini sisi tunapiga kwenye joto la pwani, mkono umeloa jasho, na harusi ya mchana iko chini ya jua kali. Kidole chenye maji kinakidanganya kioo, na jua linakifuta. Kwa hiyo sheria kwa kila mpiga gitaa: kisiwepo kitu utakachokihitaji ndani ya wimbo ambacho kiko kwenye kioo peke yake. Lazima kiwe na swichi ya mguu au nobu.

Umeme nao. Ampu ya zamani ukikatika na kurudi, inaendelea pale pale. Prosesa ni kompyuta: inawaka upya, na baadhi huchukua nusu dakika na zaidi. Yupsi ndogo, ile betri ya akiba ya kompyuta, inatosha, maana mashine hizi hazili umeme mwingi. Na kama unaongeza toleo jipya la programu, kwanza hifadhi sauti zako zote kwenye kompyuta, pili fanya kazi hiyo ukiwa kwenye yupsi, tatu kamwe usifanye ndani ya wiki yenye shoo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika programu, mashine inaweza kugoma kuwaka mpaka ufuate utaratibu wa kuifufua, na toleo jipya linaweza kubadili mlio wa sauti zako za zamani.

Basi nani anunue nini? Mpiga gitaa wa kwaya mwenye sauti mbili tu, safi na safi yenye korasi, achukue mashine ya nobu, mradi ukurasa wa spika unafunguka. Mpiga solo wa bendi inayozunguka mikoani, kila usiku ukumbi tofauti, anahitaji snapshot na kisawazishi cha jumla. Hapo kina ni kifaa cha kazi. Mwenye studio ndogo anayerekodi mitindo mingi, yeye aende mpaka ndani kabisa, huko Sag na Bias zitamlipa. Na anayeanza kujifunza gitaa? Namsihi aanze na nobu sita. Masikio yake yakishajua midi ni nini na maikrofoni inafanya nini, kurasa zote zitasomeka.

Ukienda dukani, beba gitaa lako mwenyewe na hedifoni zako. Anza na preseti tupu, usikubali kusikilizishwa zile za kiwanda. Zimejaa dilei za kukuvutia. Weka ampu moja na spika moja. Jipime dakika kumi: je, umepata sauti safi bila kufungua kitabu? Je, umeuona ukurasa wa spika? Je, umeweza kuhifadhi, kuzima, kuwasha, na kuikuta sauti yako? Ikishindikana ndani ya dakika kumi mkiwa wawili na kimya, kwenye giza la jukwaa itashindikana zaidi.

Mashine tatu zimechomekwa pale pembeni, moja ya nobu, moja ya kioo, moja ya nakala, na zote zinaingia kwenye mikisa hii kwa kiwango kimoja. Tutaanza na ukurasa wa spika. Mwenye gitaa alilete.